Klorini ya daftarini haiui viini

Mkazi wa Ongata Rongai, Kitengela, Syokimau au Ruai anayajua vyema maswali ya kumwuliza mwuza maji. Mtungi wa lita 20 ni pesa ngapi leo? Pampu itawashwa saa ngapi? Je, haya ni ya chumvi au ni matamu? Kuna swali moja ambalo ni nadra sana kusikika kwenye foleni ya kioski: maji haya yametiwa dawa leo, na ni nani aliyeyapima?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Miji yetu imekua haraka kuliko mabomba ya makampuni makubwa ya maji, na pengo lililobaki limezibwa na miradi midogo. Hapa ni chama cha wenye nyumba, pale ni kikundi cha kina mama, kwingine ni kanisa au mwenye ploti aliyechimba kisima kirefu kwa mkopo. Mradi wa aina hiyo una pampu moja, tangi juu ya nguzo za chuma, mabomba ya plastiki yaliyofukiwa kando ya barabara na mhudumu mmoja mwenye ufunguo. Huenda ukahudumia nyumba mia mbili au mia tatu. Wenyewe hujiita kikundi, lakini kwa hakika hiyo ni kampuni ya maji, hata kama ofisi yake ni meza iliyo nyuma ya duka.

Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na miradi hiyo. Mnamo 1974 serikali ilitoa mpango wa kuwafikishia maji Wakenya wote kufikia mwaka 2000. Mwaka huo ulifika ukapita, na mamilioni ya watu wakawa bado wanabeba mitungi. Lau si wananchi waliochanga pesa zao kwa moyo wa Harambee, mitaa mingi haingekuwa na tone. Hata hivyo, anayeuza maji ya kunywa huwa amejitwika kazi ya afya, apende asipende. Mwuza nyanya akiuza mbovu, mteja huziona na kuziacha. Mwuza maji akiuza mabovu, mteja huyapeleka nyumbani, huyamimina kwenye kikombe na kumpa mtoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa wa kuhara huua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Hapa nchini, mkurupuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 uliendelea hadi mwaka uliofuata na kusambaa katika kaunti nyingi. Tena asidhani mtu kwamba maradhi hayo ni ya mitaa ya mabanda tu. Mnamo 2017 kipindupindu kiliwapata hata wageni waliokuwa wakihudhuria mikutano katika hoteli za Nairobi.

Kosa la kwanza ambalo wengi wetu hufanya ni kuyapima maji kwa macho. Maji yaking'aa ndani ya glasi husemwa ni safi. Viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu havionekani kwa macho, havina ladha wala harufu. Glasi inayometameta yaweza kuwa na viini vya kulaza familia nzima.

Kosa la pili ni kuamini kwamba maji ya kisima kirefu hayahitaji dawa kwa kuwa yanatoka chini sana. Imani hii ina chembe ya ukweli. Maji yakipenya polepole katika udongo na mchanga kwa miaka mingi huchujwa, na yanapofikia kina kirefu mara nyingi huwa hayana viini. Lakini mteja hayanywi yakiwa huko chini. Kwanza yanapanda kupitia mdomo wa kisima, na endapo mdomo huo haukuzibwa barabara kwa saruji, maji ya mvua huteremka kando ya bomba na kwenda moja kwa moja chini, yakiwa yamebeba uchafu wa mashimo ya vyoo na mazizi. Kisha yanaingia katika tangi. Tangi lisilo na kifuniko ni nyumba ya mijusi na mahali pa njiwa kunywea. Mwishowe yanapita katika mabomba, na hapa ndipo palipo na hatari ambayo watu wengi hawaijui.

Bomba lililojaa maji yenye nguvu, hata likiwa na ufa, huyatoa maji nje. Uchafu hauwezi kuingia. Pampu ikizimwa, au umeme ukikatika, nguvu hiyo hutoweka na bomba hubaki tupu. Sasa ufa uleule uliokuwa ukivuja nje huanza kufyonza kilicho nje na kukiingiza ndani. Ikiwa bomba hilo limepita katika mtaro wa maji machafu, kama tunavyoona mabomba yaliyosokotana kama tambi katika mitaa mingi ya Nairobi, basi linachofyonza ni maji taka. Kesho yake pampu ikiwashwa, uchafu huo husukumwa hadi kwenye mfereji wa mteja. Hivyo maji yaliyotoka kisimani yakiwa salama yaweza kufika jikoni na kipindupindu ndani yake. Na ni mradi gani mdogo usiokuwa na mgao wa maji?

Kwa sababu hiyo klorini haitiwi tu kwa ajili ya kuua viini vilivyomo. Ina kazi ya pili, nayo ni kubaki ndani ya maji kama mlinzi njiani. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba baada ya dawa kukaa ndani ya maji kwa angalau dakika 30, ibakie klorini isiyopungua miligramu 0.5 katika kila lita, na mahali mteja anapochotea isiwe chini ya miligramu 0.2. Ikiwa pale kioskini kipimo kinaonyesha sufuri, maana yake ni moja kati ya mawili: dawa haikutiwa, au ilitiwa ikakutana na uchafu njiani ikaisha ikipigana. Vyovyote vile, mteja huyo hana mlinzi.

(Klorini nayo haiwezi kila kitu. Maji yenye tope huila dawa kabla haijafika kwa viini, kwa hivyo sharti yachujwe kwanza. Pia kuna vimelea vichache vinavyoistahimili. Lakini kwa magonjwa yanayotusumbua sana, sijaona silaha rahisi kuishinda.)

Kamati nyingi zikiulizwa kwa nini hazitii dawa kila siku, jibu huwa ni pesa. Hebu tupige hesabu. Chukua tangi la lita 50,000. Tuseme maji yake yanahitaji miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Hiyo ni gramu 100 za klorini. Klorini ya unga inayouzwa kwa ajili ya kutibu maji huwa na nguvu ya karibu asilimia 65, kwa hivyo utahitaji takriban gramu 154 za unga huo. Tangi hilo hujaza mitungi 2,500 ya lita 20. Ili dawa iongeze gharama ya mtungi kwa shilingi moja tu, ingebidi kilo moja ya unga iuzwe kwa zaidi ya Sh16,000. Haiuzwi hata karibu na bei hiyo. Gharama ya dawa katika mtungi mmoja ni senti tu. Bili ya umeme wa pampu kwa kweli ni mzigo, nami nawahurumia wanaoulipa. Klorini siyo mzigo. Kamati inayosema haina pesa za dawa inasema kwamba dawa ndiyo kitu cha kwanza inachoacha kununua, na hilo ni jambo tofauti.

Kupima nako si kazi ya profesa. Kuna kichupa kidogo cha plastiki ambamo hutiwa maji na kidonge kimoja. Maji yakiwa na klorini hugeuka rangi ya waridi, na kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo waridi linavyokolea. Unalinganisha rangi hiyo na ile iliyo kwenye kadi, unasoma nambari, unaandika. Shughuli yote huchukua dakika moja au mbili. Wahudumu wa mabwawa ya kuogelea katika hoteli zetu hufanya hivyo kila asubuhi. Ni ajabu kubwa kwamba maji ambamo mgeni anaogelea hupimwa kila siku, ilhali maji anayokunywa mtoto wa Ruai yaweza kumaliza mwaka bila mtu kuyatia kidonge.

Hapa nataka kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wenyekiti wa kamati. Cheti cha maabara kilichowekwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani hakimlindi mteja. Cheti hicho aghalabu kilipatikana siku kisima kilipochimbwa. Kinaeleza habari za maji ya siku ile, kabla ya mvua tatu zilizopita na kabla ya jirani kuchimba choo chake. Hata sampuli ya leo ikipelekwa maabara kutafutwa viini vya kinyesi, ambavyo havifai kupatikana hata kimoja katika mililita 100, majibu huchukua kama siku nzima. Kufikia wakati huo maji yamekwisha kunywewa. Maabara ni ya kuhakiki kama mpango wenu unafanya kazi. Ulinzi wa kila siku ni kile kichupa na kile kidonge.

Basi kama bei ni senti na kazi ni ya dakika moja, kwa nini haifanywi?

Sababu mojawapo ni sisi wateja. Siku dawa inapotiwa, foleni hunung'unika kwamba maji yananuka. Chai haina ladha. Wengine husema, bila aibu, kwamba ni dawa ya serikali ya kupanga uzazi imetiwa kisirisiri. Uvumi huo hauna msingi wowote, lakini una nguvu. Wateja wakihamia kioski cha jirani kisichotia dawa, mweka hazina huona mapato yakishuka, na wiki inayofuata mhudumu huambiwa apunguze. Ndipo mradi mmoja baada ya mwingine unapoiacha klorini bila kikao chochote kuamua hivyo. Harufu hafifu ya klorini kwenye mtungi ni habari njema. Ikiwa inaudhi, yaache maji katika chombo safi chenye kifuniko kwa saa kadhaa na harufu itapungua.

Sababu nyingine ni mhudumu mwenyewe. Huyu ni kijana aliyeajiriwa kuwasha na kuzima pampu, kukata mifereji ya wasiolipa na kulala pale usiku kama mlinzi. Mshahara wake hucheleweshwa. Hakuna aliyemfundisha klorini ni nini wala kwa nini unga huo hupoteza nguvu ukiwekwa juani au ukiachwa wazi kwenye unyevu. Anaambiwa, "Tia vijiko viwili." Vijiko vya nini, katika tangi lililojaa kiasi gani, hakuna anayesema. Kisha anapewa daftari na kuambiwa alijaze, kwa kuwa afisa wa kaunti akija ataliulizia.

Daftari hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, na ili nieleze kwa nini, itanibidi nivuke bahari. Mfano huu ni wa Kanada, nchi tajiri yenye maji tele. Nauchukua kwa kuwa ulihusu shirika dogo la maji la mji mdogo, na kwa kuwa uchunguzi wake ulifanywa hadharani na jaji, Dennis O'Connor, ambaye aliyaanika yote katika ripoti yake ya mwaka 2002.

Mji huo ni Walkerton, katika mkoa wa Ontario, wenye wakazi wapatao 4,800 wakati huo. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa. Maji yakabeba kinyesi cha ng'ombe kutoka shamba la karibu hadi katika kisima kimojawapo cha mji, kisima kifupi ambacho tangu kilipochimbwa mwaka 1978 kilijulikana kuwa katika hatari ya kuingiwa na uchafu wa juu. (Mkulima hakupatikana na hatia, alikuwa akifuata kanuni zote za ukulima bora.) Ndani ya kinyesi hicho mlikuwa na aina kali ya kiini kiitwacho E. koli. Klorini ya kutosha ingekiua. Haikuwamo.

Watu wapatao 2,300 waliugua, karibu nusu ya mji. Saba wakafa. Baadhi ya watoto walibaki na madhara ya figo.

Wachunguzi walipoyafungua madaftari, walikuta kila siku imejazwa. Kipimo cha klorini kiliandikwa 0.5 au 0.75, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Nambari hizo zilikuwa za kubuni. Mara nyingi hakuna aliyepima. Chupa za sampuli nazo ziliandikwa majina ya mahali ambapo hazikuchukuliwa. Meneja na msimamizi wake, ndugu wawili, hawakuwa wauaji. Hawakuwa wamepata mafunzo yanayostahili, na waliamini kwa dhati kwamba maji ya mji wao ni matamu na safi. Wenyewe walikuwa wakiyanywa bila dawa. Wakazi nao walikuwa wakilalamika kuhusu ladha ya klorini. Msomaji ataona kwamba habari hizi hazitofautiani sana na za kwetu.

Majibu ya maabara yaliyoonyesha kwamba maji yamechafuka yalimfikia meneja tarehe 17 Mei. Aliyaficha. Maafisa wa afya walipopiga simu kuuliza, kwa kuwa watoto walikuwa wakiingia hospitalini wakihara damu, aliwaambia maji yako sawa. Agizo la kuchemsha maji lilitolewa tarehe 21 Mei, na ni daktari wa afya wa eneo hilo aliyelitoa, si shirika la maji. Katika siku hizo nne watu waliendelea kunywa. Mwaka 2004 meneja alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja gerezani.

Funzo ninalolichota hapo ni la namna ya kulitumia daftari. Daftari likiwa la kumwonyesha afisa, litajazwa nambari za kumpendeza afisa. Ukikuta limeandikwa 0.5 kila siku kwa miezi mitatu mfululizo, shuku. Maji ya kweli hayana tabia hiyo. Siku ya mvua klorini hushuka, siku unga mpya ulipofunguliwa hupanda, siku umeme ulipopotea hakuna kipimo kabisa. Afadhali mara kumi mhudumu anayeandika "0.0, unga umeisha" kuliko yule mwenye ukurasa safi usio na doa. Wa kwanza ametuambia tuchemshe maji. Wa pili ametulaza usingizi.

Kwa hivyo pendekezo langu ni kwamba daftari litolewe kabatini. Kila mradi uwe na ubao mdogo ukutani mwa kioski, palepale panapoandikwa bei ya mtungi, na kila asubuhi iandikwe nambari moja: klorini iliyopimwa leo kwenye mfereji huu. Mteja hahitaji kusomea kemia. Ataambiwa mara moja kwamba chini ya 0.2 achemshe, na baada ya hapo atakuwa akitupia jicho ubao huo kama anavyotupia jicho bei. Yeyote mwenye kichupa na kidonge aweze kuja kupima na kulinganisha: mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani, mhudumu wa afya wa kijamii, au hata mteja mwenye shaka. Uongo ni vigumu kuudumisha mahali ambapo watu mia tatu hupita kila siku.

Mhudumu asiadhibiwe kwa kuandika nambari mbaya. Hili lazima kamati ilitamke wazi mbele ya wateja. Akikatwa mshahara siku anapoandika 0.1, kesho ataandika 0.5, na tutakuwa tumeijenga Walkerton yetu kwa mikono yetu wenyewe.

Itaulizwa serikali iko wapi. Sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na haisemi kwamba haki hiyo ni ya wateja wa makampuni makubwa pekee. Huduma za maji zimewekwa chini ya kaunti. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka watoaji huduma wawe na leseni, na kuna bodi ya kuwasimamia, WASREB, ambayo hutoa ripoti ya kulinganisha makampuni ya maji. Ripoti hizo ni nzuri na zinafaa kusomwa. Lakini mkazi anayenywa maji ya kisima cha chama cha mtaa wake akilitafuta jina la chama hicho humo, aghalabu hatalipata.

Afisa wa afya ya umma naye mara nyingi huonekana mtaani wakati watu wamekwisha kulazwa. Hapo huja na kufuli. Sipingi kisima kilichothibitika kuwa na sumu kufungwa. Napinga tabia ya kufunga na kuondoka. Kioski kikifungwa, watu hawaachi kunywa maji. Wanamgeukia mwenye mkokoteni, ambaye hakuna ajuaye alikochota. Afisa huyohuyo angekuja mara moja kwa mwezi na vidonge mfukoni, akapima pale kwenye mfereji na kulinganisha na ubao, angezuia mengi kwa gharama ndogo kuliko ya kambi moja ya kutibu kipindupindu.

Kaunti pia zaweza kununua unga wa klorini kwa wingi na kuuzia miradi midogo kwa bei ya jumla, ili kusiwe na anayesema umeisha. Na makampuni makubwa yaliyo na mafundi na maabara yaache kuwaona wadogo kama maharamia. Kule Kisumu, katika mtaa wa Nyalenda, kampuni ya maji ya KIWASCO ilianza tangu miaka ya 2000 kuwauzia waendeshaji wa mtaani maji kwa jumla kupitia mita moja kuu, nao wakayasambaza kwa majirani. Maji huingia mtaani yakiwa yamekwisha kutibiwa. Mabomba ya ndani bado yanahitaji kulindwa, lakini mzigo mkubwa umebebwa na mwenye mabega mapana. Mpango wa namna hiyo unafaa kuigwa popote ambapo bomba kuu limekaribia.

Kuna hatari moja ambayo ubao wa klorini hautaionyesha, nayo nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa inawahusu sana watu wa visima virefu. Ni floraidi. Madini haya hutoka katika miamba yenyewe. Wakazi wa Nakuru, Naivasha na Gilgil wanayajua kutokana na meno ya rangi ya kahawia ya watoto wao, na visima vingi vya Nairobi na viunga vyake pia vinayo kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Klorini haiyaondoi. Kuchemsha nako hakusaidii. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi iliyobaki ndiyo kwanza huzidi kukolea. Yaweza kupunguzwa kwa kuchujwa kupitia mkaa wa mifupa, njia ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliieneza, au kwa kuchanganya na maji ya mvua. Hapa ndipo maabara inahitajika kwa kweli, na kipimo hicho kifanywe kabla ya kamati kutandaza hata bomba moja. Wenye watoto wadogo waulize.

Nyumbani, hadi ubao utakapotundikwa, yachemshe maji ya kunywa hadi yatokote kabisa, kisha yafunike katika chombo cha mdomo mwembamba au chenye mfereji, ili kikombe na mkono visitumbukizwe ndani. Baada ya mgao, acha maji ya kwanza yapite. Yachote ya kudekia sakafu. Mtungi uoshwe kwa sabuni mara kwa mara, hasa ule ute wa kijani unaojificha pembeni karibu na kifuniko.

Miradi mingi ya maji hufanya mkutano mkuu mara moja kwa mwaka. Wanachama hugombana kuhusu bei, kuhusu bili ya umeme na kuhusu jamaa za mwenyekiti ambao hawalipi. Safari hii atokee mtu mmoja aombe daftari la klorini lisomwe kwa sauti, kuanzia siku ya kwanza ya mvua za masika, na mhudumu wa pampu apewe nafasi ya kueleza kila nambari bila kukatizwa.